Mara Mbili Nimekiacha Kiti

Thuwe mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua zetu huanza kwa kuulizana hali, lakini yangu unaijua, na yako naisikia mpaka huku juu: unabishana na shangazi yako kuhusu halua. Wewe unasema sanduku limejaa, yeye anasema London hakuna halua ya maana. Mwachie ashinde. Utaingia mashauri mengi maishani, lakini hilo la shangazi na halua huliwezi, wala hakuna pa kukata rufaa.

Nimeswali magharibi nikakaa dirishani na karatasi zangu. Baba yako kachungulia, kaniuliza naandika nini. Nikamwambia naandika tuzo. Akacheka akaenda zake, maana hilo ndilo jina la hukumu yetu sisi wasuluhishi, na nyumba hii imelila neno hilo pamoja na wali tangu hujazaliwa.

Sitakwambia uvae nini kwenye baridi, wala upige simu siku gani. Hayo umeshaambiwa na Mbweni nzima. Nataka kusema juu ya lile ambalo unalizunguka tangu nilipojitoa kwenye shauri la bwawa la umeme. Unaniletea chai, unakitazama kikombe, hunitazami mimi. Na baba yako, usimlaumu, mdomo wake haujapata kuwa na kufuli, kanambia ulichomwambia: "Mama kaitoa kazi yake ili mie nipate yangu." Nimeona nikujibu kwa maandishi. Kwa mdomo ungenipinga, umeshakuwa wakili.

Unajua watu wa hapa hawajapata kuelewa nafanya nini. Zamani jirani yetu mmoja alinikamata njiani akanambia, "Weye si msuluhishi? Njoo basi unisuluhishie na mume wangu, kanuna tangu Ijumaa." Nikamweleza kwamba mimi nasuluhisha makampuni. Moja la nchi hii na jengine la nchi ile, kila moja haliiamini mahakama ya mwenzake, basi huchagua watu watatu, wakajifungia nao katika chumba cha hoteli, na wakaahidi mapema kuyakubali watakayoyasema watu hao. Hakuna joho, hakuna bendera. Akanisikiliza vizuri. "Aa," akasema, "kumbe ni wazee wa barazani, ila nyinyi hupandishwa ndege."

Nilipoanza, nami nilidhani kazi yenyewe ndiyo hiyo ya barazani. Kwetu mtu hatolewi mtupu. Wakigombana wawili, mzee humpa huyu kidogo na yule kidogo, kahawa ikapita, kila mtu akaenda zake na uso wake. Shauri langu la kwanza kukaa kama msuluhishi lilikuwa Nairobi, juu ya mashine za kiwanda cha sukari. Muuzaji alikuwa amekosa waziwazi, lakini niliona haya kumrudisha kwao bila chochote, nikataka tugawe katikati. Mwenyekiti wetu, mzee wa Kighana aliyekuwa akisumbuliwa na kikohozi, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: huyu mnunuzi amekuja kutafuta haki yake, au nusu ya haki yake? Nilirudi chumbani nikaandika upya kurasa zangu zote, na nikakiri moyoni kwamba nilichokuwa nikikiita upole kilikuwa woga uliovaa kanga mpya. Ulinikaa muda mrefu ugonjwa ule, na hata sasa ukinisikia nasema "tutaona" kwa sauti laini, ujue umenirudia kidogo.

Lakini lile ni kosa la kujifunzia. Kosa lililonivunja ni jengine, na wewe umelisikia nusunusu tu, kwa mzaha wa mjomba wako Kassim.

Unamjua mjomba Kassim kwa zawadi zake za kutoka Maskati na kwa kelele zake. Unajua pia kwamba hakuzaliwa na bibi yako. Nilipozaliwa mimi, katika nyumba yetu ya Kiponda, mama yangu alishikwa na homa kali na maziwa yakakauka. Jirani wa mlango wa pili, Bi Thuwaiba, somo yako uliyepewa jina lake, alikuwa ndiyo kwanza amemzaa Kassim. Akanichukua. Titi hili mimi, titi lile Kassim. Baadaye mtu akimuuliza kama nilinyonya zile mara tano zinazotakiwa na sheria ili tuhesabiwe ndugu, alikuwa akikasirika kweli. "Mara tano? Huyu kaninyonya mpaka nkakonda!" Kwa hivyo Kassim ni ndugu yangu wa ziwa. Hawezi kunioa, naweza kukaa mbele yake kichwa wazi, na mkono wake naushika. Mkono wa mwanamme asiyekuwa maharimu yangu siushiki, hilo unalijua. Miaka yote niliyozunguka na kazi hii nimeweka kiganja kifuani, nikainamisha kichwa, nikatabasamu, na watu wakazoea.

Ulikuwa bado unajifunza kusoma nilipoitwa Paris kuwa mwenyekiti wa jopo. Kampuni ya ujenzi ya Maskati ilinunua winchi za bandari kutoka kiwanda cha Italia. Winchi moja ikaanguka, na kila upande ukasema kosa ni la mwenzake. Walinitaka mimi kwa kuwa si wa Maskati wala si Mtaliana, mtu asiyekuwa wa yeyote. Kile kiti, Thuwe, nilikitamani kama mtoto anavyotamani viatu vya Idi. Sikuwa namjua mwanamke yeyote wa kisiwa hiki aliyewahi kukikalia. Nilikiota, nikakiombea dua, na nilipokipata nilinunua koti jipya.

Kabla ya kukaa, kila msuluhishi huandika tamko: anamjua nani, ana udugu na nani, amewahi kufanya kazi na nani. Nilitamka kila kitu, hata kwamba wakili mmojawapo aliwahi kuninunulia chai uwanja wa ndege. Baadaye sana zikaja karatasi za mashahidi, na katika mashahidi wa Maskati, mhandisi wa winchi, nikaliona jina la Kassim. Nilicheka peke yangu. Nilijua anafanya kazi Maskati, sikujua kama ni kwa hao. Hapo ndipo nilipotakiwa niandike mistari miwili tu niwapelekee wote.

Sikuandika. Nilijiambia kwamba wao wanauliza damu na ndoa, hawaulizi maziwa. Nilijiambia Wazungu hawa hata nikiwaeleza hawatafahamu. Na nilijiambia kwamba moyo wangu umenyooka, simpendelei mtu, awe Kassim awe nani. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililoniponza zaidi. Nilijiona mnyofu sana, nikaona sina haja ya kumwonesha mtu.

Siku ya kusikilizwa tulikuwa katika chumba kisicho na dirisha, magudulia ya maji mezani, wakalimani wamekaa ndani ya kibanda chao cha vioo. Mlango ukafunguliwa akaingia Kassim, ndani ya suti, kanenepa. Sikuwa nimemuona tangu harusi yangu. Mkono wangu ukaenda wenyewe.

"Dada yangu wee!" akasema kwa sauti yake ile. "Mbona umekonda? Hawakupi kula hawa?"

Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Kisha ndiyo nikakumbuka nilipo. Upande wa pili wa meza alikaa wakili wa Wataliana, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe. Asubuhi ile ile, kwa heshima yangu, alikuwa amewaonya wenzake wanaume wasininyooshee mkono. Sasa alikuwa ameinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Akasimama. Hakusema kwa ukali.

"Bibi Mwenyekiti, naomba radhi kwa swali langu. Shahidi huyu ni nani kwako?"

Ningeweza kusema ni jirani yetu wa zamani, tumekua mlango kwa mlango. Lingekuwa kweli, na hakuna kitabu chao ambacho kingenishika. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini Kassim alikuwa akinitazama, na nikaona kwamba nikisema jirani, nitakuwa nimemtema somo yako mbele za watu. Mwanamke aliyenishika nikiwa sina pa kunyonya, jina lake nikampa mwanangu wa pekee, leo niseme ni mtu wa mlango wa pili? Nikasema, "Ni ndugu yangu." Halafu ikabidi nieleze. Kwa Kiingereza, mbele ya wanaume wenye tai, nikaeleza habari ya homa ya mama yangu na maziwa ya jirani yetu wa Kiponda. Mkalimani wa Kitaliana alisita mahali. Nadhani hata yeye hakutegemea kukutana na matiti katika mkutano wa winchi.

Nilijitoa siku hiyo hiyo. Shauri likaanza upya na jopo jengine. Mashahidi waliokuwa wamesafiri kutoka mbali wakarudishwa makwao bila ya kusikilizwa, na mmoja wao, fundi mwanamke wa Kitaliana, alikuwa amemwacha baba yake hospitali ili aje kusema alichokiona. Alinipita ukumbini amebeba koti lake. Nimewasahau mawakili wote wa siku ile ila yule mama wa nywele nyeupe, lakini uso wa fundi yule sijausahau. Mimi nilipoteza kiti. Yeye nilimpotezea kitu ambacho sikuwa na haki nacho.

Kassim alinipigia simu amefura. "Dada, si ungesema tu sisi majirani? Nani angejua?" Nilikwenda moja kwa moja Kiponda, nikamkuta somo yako ukumbini anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia, nikamsimulia yote huku nalia.

"Kwa hivyo umewambia kama nimekunyonyesha?" akauliza.

"Nimewambia."

"Mbele ya Wazungu?"

"Mbele yao, mama."

Akaendelea kupepeta. Nilidhani atanipa pole. "Ungewambia mwanzo," akasema. "Mficha uchi hazai. Kwani unayaonea haya maziwa yangu?"

"Sioni haya."

"Basi siku nyengine tangulia kunitaja. Usingoje mpaka mtu akuulize."

Akaniwekea uteo mapajani nimalizie kuchagua chuya, akaenda kupika. Ndiyo somo lote nililopata, na sijapata jengine la kulipita, ingawa nimekaa na maprofesa.

Baada ya hapo simu zilinyamaza. Nilirudi kwenye kesi za nyumba na mirathi ambazo ndizo nilizoanzia, nikawa nasikiliza ndugu wakigombania chumba cha chini na chumba cha juu. Unakumbuka enzi zile nilikuwa nakupeleka chuo cha Qur'ani mwenyewe kila alasiri? Wewe ulifurahi, hukujua kama mama yako amevunjika. Somo yako alifariki katika kipindi hicho, naye hakuniona nikinyanyuka tena. Hilo bado linaniuma, nisikufiche.

Aliyeninyanyua ni yule mama wa nywele nyeupe. Siku moja alinipendekeza katika shauri la wateja wake wengine. Nilipokutana naye nikamuuliza, baada ya yale? Akasema aliposimama na swali lake, alishaona namna mtu anavyotafuta jibu jepesi, na akaniona mimi nikiliacha. Basi kazi ikarudi, polepole, kisha kwa wingi, na ndani ya wingi huo nna kosa jengine ambalo halina msuluhishi. Siku uliyokhitimu Qur'ani mimi nilikuwa Stockholm nimefungiwa na watu wa mabomba ya gesi. Nilikusikiliza kwa simu nimesimama kwenye ngazi za nyuma za hoteli, natokwa na machozi, nikajiambia nimehudhuria. Sikuhudhuria, mwanangu. Nyumba nzima ilikuwa na wewe, na mimi nilikuwa kwenye ngazi za watu. Nisamehe.

Sasa nije kwetu. Ulipopata barua ya ofisi ile ya London, shangazi yako alipiga vigelegele hapa Mbweni, kisha akaenda kutangaza mpaka Darajani kwa wauza samaki. Nami nilipolisikia jina la ofisi, nililitambua. Ndiyo mawakili wa upande mmoja katika shauri la bwawa ambalo ndiyo kwanza nimekubali kuliongoza. Sikuwa nimekwambia, maana mashauri yetu hayazungumzwi nyumbani. Unajua nilifanya nini? Nikasema nitalisema kesho, nisiiharibu furaha ya leo. Kesho! Yule wa Paris bado yumo ndani yangu, Thuwe, amekaa tu anangoja nafasi.

Lakini wewe uliyapokea maboksi yangu ya karatasi za shauri mlangoni siku za nyuma, na uliliona jina la ofisi juu yake. Hakuna aliyekuuliza kitu. Ukakaa chini ukawaandikia kwamba mwenyekiti wa shauri lao ni mama yako mzazi, kisha ukaja jikoni ukanambia, "Mama, nshawambia." Shangazi yako akashika kichwa. "Huyu mtoto ana wazimu! Kazi ishapatikana, yeye anaifungulia mlango itoke. Jina lake ni la baba yake, la mama yake ni la babu yake, hata hayafanani. Nani angejua?" Maneno yale yale ya Kassim. Ilibidi nigeuke nitazame sufuria.

Wakakujibu kwa adabu kwamba mama hawezi kuwa kitini na mwana akawa ofisini kwa wakili wa upande mmoja, na kwamba ikiwa hali ni hiyo, wao itabidi wamwajiri mwengine badala yako. Ukanambia umeshaamua kuiacha. Ulisema huku unaosha vyombo, umenipa mgongo ili nisione uso wako, na uliosha sahani moja mpaka nikaionea huruma.

Basi sikiliza. Shauri lile lilikuwa changa. Hakuna shahidi aliyepanda ndege, hakuna siku iliyopangwa, hakuna mtu aliyemwacha mgonjwa wake kwa ajili yangu. Kujitoa kwangu hakukumdhuru yeyote, na nafasi yangu imeshapata mtu mzuri. Ndiyo, lilikuwa kubwa. Ndiyo, kwa umri wangu huenda halitakuja jengine kama lile. Lakini usiseme tena kwamba nimeitoa kazi yangu ili upate yako. Kazi yako umeipata mwenyewe, na ukaipata tena pale ulipokuwa tayari kuikosa. Mimi nimepisha njia tu, na mtu anayepisha hadaiwi wala hadai.

Mara ya kwanza nilipokiacha kiti, nilishuka kwa lifti yenye kioo na sikutaka kujitazama. Mara hii niliandika barua yangu ya kujitoa, nikavaa buibui, nikaenda sokoni nikanunua samaki, changu mkubwa kuliko sufuria yetu. Sikubishana hata bei. Muuzaji akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia mwanangu amefanya jambo. Akaniuliza jambo gani, nikashindwa kulieleza, nikasema tu, "Kanitaja." Akaniangalia kama aliyepungukiwa na akili, akanifungia samaki wangu.

Unaniona nilivyojivuna? Najivuna, na sitaki kujizuia. Nimeona mawakili wenye majina makubwa wakipinda kwa jambo dogo kuliko hilo. Mimi mwenyewe nilipinda, nikiwa mtu mzima na koti jipya. Wewe hujavaa hata koti la kwanza. Ningetoa mengi somo yako awepo akusikie ukisema "nshawambia" na povu la sabuni mikononi.

Huko unakokwenda watu watakusifu kwa kuwa huna upande. Kazini usiwe nao, ndiyo kazi yenyewe. Ila wapo watakaokufanya uamini kwamba ili usiwe na upande lazima usiwe na watu, na hao usiwafuate. Una watu. Wewe ni wa Kiponda na wa Mbweni, una mjomba Maskati anayepiga kelele, una shangazi wa halua. Wataje mapema, kisha kaa ufanye kazi yako. Na siku utakayochelewa kuwataja, maana utachelewa, wewe ni mtu, basi sema siku hiyo hiyo, hata mkalimani akisita.

Isha inaadhiniwa. Nasikia baba yako amekalishwa juu ya sanduku ili zipu ifunge, kwa hivyo halua imeshinda. Kesho uwanjani nitakuwa na mikono iliyojaa vifurushi na sitaweza kusema kitu cha maana, na wewe utakuwa unaangalia saa.

Basi nami natoa tamko langu sasa, kabla hujaniuliza, kama nilivyofunzwa. Mimi niliyekuzaa na kukunyonyesha nna uhusiano na wewe usioweza kufutwa na jopo lolote. Litakapotokea shauri baina yako na ulimwengu, ukiwa na haki au ukiwa umekosea, usiniite nikae katikati. Sifai. Mimi ni wa upande wako tangu kabla hujapewa jina.

Mamako